Jinsi ya Kuisoma Atomu kwa Kuanzia na Namba Moja

Mwongozo huu unamwonyesha msomaji namna ya kuchukua namba moja tu kutoka kwenye jedwali la elementi, yaani namba ya atomu, na kutokana na namba hiyo kueleza atomu husika imejengwaje, itashikamana na atomu zipi, itatoa fomula gani, na kwa nini baadhi ya atomu hubadilika zenyewe kuwa elementi nyingine. Umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa sekondari, mwalimu wake, na yeyote aliyeiacha kemia zamani kwa sababu aliiona kuwa ni rundo la mambo ya kukariri. Vifaa vinavyohitajika ni penseli, karatasi na jedwali la elementi linaloonyesha namba ya atomu na uzito wa atomu wa kila elementi. Kwa hatua ya sita utahitaji pia jiko la gesi, chumvi na magadi kidogo.

Kuna jambo moja la kulishika tangu sasa, kwa kuwa hatua zote zinalitegemea. Kiini ndicho kinachoamua atomu ni ya elementi gani, na elektroni za nje kabisa ndizo zinazoamua atomu hiyo itafanya nini ikikutana na nyingine. Mwanafunzi anayeandika kwamba sodiamu ikipoteza elektroni inageuka kuwa neoni amezichanganya kazi hizo mbili. Mpangilio wa elektroni zake kweli umefanana na wa neoni, lakini kiini hakijaguswa, na kwa hiyo sodiamu imebaki kuwa sodiamu.

Kilichomo ndani ya atomu

Atomu ina chembe za aina tatu. Protoni zina chaji chanya, neutroni hazina chaji, na zote mbili zimebanana katikati, kwenye kiini. Elektroni zina chaji hasi inayolingana kwa ukubwa na ile ya protoni, nazo ziko nje ya kiini. Protoni na neutroni zinakaribiana sana kwa tungamo, ilhali elektroni ni nyepesi mno, kiasi kwamba zinahitajika takriban 1,836 ili kulifikia tungamo la protoni moja. Ndiyo maana tunapohesabu uzito wa atomu tunaziacha elektroni kando, na tunapoeleza tabia yake ya kikemia tunaziangalia hizohizo tulizoziacha.

Elimu hii ilipatikana kwa majaribio. J. J. Thomson alithibitisha kuwapo kwa elektroni mwaka 1897. Mwaka 1909, mjini Manchester, Hans Geiger na Ernest Marsden, wakiongozwa na Ernest Rutherford, walielekeza chembe za alfa, yaani chembe ndogo zenye chaji chanya zinazoruka kwa kasi, kwenye bamba jembamba mno la dhahabu. Nyingi zilipita moja kwa moja kana kwamba mbele yake hakukuwa na kitu, baadhi zilipinda, na chache sana ziligeuka zikarudi zilikotoka. Mwaka 1911 Rutherford alieleza maana yake: chaji chanya yote pamoja na karibu tungamo lote la atomu limekusanyika mahali padogo mno, na sehemu iliyobaki ni ya elektroni. Neutroni ilichelewa kupatikana kwa sababu haina chaji ya kuifichua, na James Chadwick aliitambua mwaka 1932.

Kuhusu ukubwa, tuikamate dhahabu ileile ya Rutherford. Kiini chake kingekuzwa kikafikia upana wa goroli ya sentimita 1, atomu nzima ingekuwa na upana wa karibu mita 200. Michoro ya vitabuni inayoonyesha kiini kinene na elektroni zikiwa kando yake kidogo inapotosha kwa lazima, kwani hakuna karatasi ya kutosha kuchora uwiano huo. Mchoro huo utumie kuhesabia elektroni tu, usiutumie kupimia nafasi.

Swali ambalo wanafunzi wachache huliuliza, na wote wangepaswa kuliuliza, ni hili: ikiwa chaji zinazofanana husukumana, protoni 79 za dhahabu zinakaaje pamoja mahali padogo hivyo? Jibu ni kwamba ndani ya kiini kuna kani nyingine, kani kuu ya nyuklia, ambayo ina nguvu kuliko msukumano wa umeme lakini hufanya kazi katika umbali mfupi sana tu. Neutroni huchangia kani hiyo bila kuongeza msukumano, na ndiyo maana viini vizito huwa na neutroni nyingi kuliko protoni. Hata hivyo kuna kikomo, na elementi zote zenye protoni zaidi ya 82 zina viini visivyo thabiti.

Hatua ya kwanza: tambua namba ya atomu

Tafuta elementi yako kwenye jedwali na usome namba ya atomu. Hiyo ndiyo idadi ya protoni. Kama atomu haina chaji, ndiyo idadi ya elektroni pia. Sodiamu ni 11, hivyo ina protoni 11 na elektroni 11. Hakuna atomu yenye protoni 11 isiyokuwa sodiamu, wala hakuna sodiamu yenye protoni 10 au 12.

Dmitri Mendeleev alipotoa jedwali lake mwaka 1869 alizipanga elementi kwa kufuata uzito, na mpango huo ulimlazimu mara kadhaa kuukiuka uzito ili elementi zenye tabia zinazofanana ziwe pamoja. Mwaka 1913 Henry Moseley alipima eksirei zinazotolewa na elementi mbalimbali, akaonyesha kwamba kinachopanda kwa utaratibu kutoka elementi moja hadi inayofuata ni chaji ya kiini. Tangu hapo jedwali hupangwa kwa namba ya atomu. Angalia argoni na potasiamu: argoni ni namba 18 na ina uzito wa 39.95, potasiamu ni namba 19 na ina uzito wa 39.10. Aliye nyuma ni mzito kuliko aliye mbele. Sababu yake tutaifikia katika hatua ya saba.

Hatua ya pili: pata idadi ya neutroni, na uwe mwangalifu na uzito ulioandikwa

Protoni ukizijumlisha na neutroni unapata namba ya tungamo. Kwa hiyo idadi ya neutroni ni namba ya tungamo ukitoa namba ya atomu. Sodiamu ya asili ina namba ya tungamo 23, na 23 ukitoa 11 unabaki na neutroni 12.

Ugumu unaanza kwa elementi kama klorini, ambayo jedwali linaionyesha kuwa na uzito wa 35.45. Hakuna atomu hata moja ya klorini yenye uzito huo, na hakuna nusu ya neutroni. Klorini ya asili ni mchanganyiko wa isotopu mbili, yaani atomu zenye protoni 17 zilezile lakini neutroni tofauti: klorini-35 yenye neutroni 18 na klorini-37 yenye neutroni 20. Ya kwanza ni takriban asilimia 75.8 na ya pili asilimia 24.2. Tungamo halisi la klorini-35 ni 34.97, ukilizidisha kwa 0.758 unapata 26.51. La klorini-37 ni 36.97, ukilizidisha kwa 0.242 unapata 8.95. Jumla ni 35.46, ambayo inatofautiana na 35.45 kwa sababu tu tumekata tarakimu za mwisho. Namba iliyo kwenye jedwali ni wastani, na mtahini anapokuuliza idadi ya neutroni lazima akutajie isotopu, la sivyo swali lake lina kasoro.

Isotopu za elementi moja zina tabia ya kikemia inayofanana kabisa kwa matumizi ya kawaida, kwa kuwa elektroni zake ni zilezile.

Hatua ya tatu: panga elektroni katika matabaka

Kwa elementi 20 za mwanzo kanuni ni nyepesi. Tabaka la kwanza hubeba elektroni 2, la pili 8, la tatu hujazwa hadi 8, kisha mbili zinazofuata huingia la nne. Jaza kutoka ndani kwenda nje, wala usianze tabaka jipya kabla ya kulimaliza lililotangulia kwa kiwango hicho. Sodiamu yenye elektroni 11 ni 2, 8, 1. Klorini yenye 17 ni 2, 8, 7. Kalsiamu yenye 20 ni 2, 8, 8, 2.

Unaweza kuhakiki kazi yako kwa jedwali lenyewe. Idadi ya matabaka inalingana na kipindi, yaani mstari wa mlalo, na idadi ya elektroni za nje inalingana na nafasi ya kundi, yaani safu wima, ukiacha kando lile eneo la metali za katikati. Sodiamu ina matabaka 3, nayo iko kipindi cha 3. Ina elektroni 1 ya nje, nayo iko kundi la 1.

Je, matabaka haya yapo kweli, au ni njia ya kurahisisha ufundishaji? Ushahidi ulio wazi zaidi ni nishati inayohitajika kuzing'oa elektroni moja baada ya nyingine. Kuiondoa elektroni ya kwanza ya sodiamu kunahitaji takriban kilojuli 496 kwa moli (moli ni kipimo cha idadi kubwa maalumu ya atomu). Ya pili inahitaji 4,562, yaani zaidi ya mara tisa. Kwa magnesiamu, ambayo ni 2, 8, 2, ya kwanza inahitaji 738, ya pili 1,451, na ya tatu inaruka ghafla hadi 7,733. Mruko unatokea palepale kanuni yetu inaposema tabaka la nje limekwisha na sasa unaingia la ndani. Napendelea kuwaonyesha wanafunzi namba hizi kabla ya mchoro wowote, kwa sababu mchoro unaomba kuaminiwa na namba hizi zimepimwa.

Hata hivyo tabaka si njia ambayo elektroni inaifuata ikizunguka. Niels Bohr alitoa picha ya namna hiyo mwaka 1913, ikaeleza vizuri mwanga wa hidrojeni, lakini ikashindwa kwa atomu zenye elektroni nyingi. Tangu miaka ya 1920, kwa kazi za Erwin Schrödinger, Werner Heisenberg na wenzao, tabaka huchukuliwa kuwa kiwango cha nishati, na elektroni huelezwa kwa uwezekano wa kupatikana mahali fulani kuzunguka kiini. Kila tabaka lina vitabaka: kimoja hubeba elektroni 2, kinachofuata 6, kinachofuata 10. Tabaka la tatu kwa hakika linaweza kubeba 18, lakini kitabaka chake cha elektroni 10 kina nishati ya juu kidogo kuliko kitabaka cha kwanza cha tabaka la nne, na ndiyo maana elektroni ya 19 ya potasiamu huenda la nne. Baada ya kalsiamu kitabaka hicho kilichorukwa ndicho huanza kujazwa. Hivyo chuma, namba 26, ni 2, 8, 14, 2, na kanuni yetu nyepesi inaishia hapo.

Hatua ya nne: zisome elektroni za nje

Hii ndiyo hatua yenye mavuno makubwa, nayo inastahili muda kuliko nyingine zote.

Anza kwa kuuliza tabaka la nje lina elektroni ngapi. Likiwa limejaa, kama la heliamu (2), neoni (2, 8) na argoni (2, 8, 8), atomu haina sababu ya kushikamana na nyingine, na elementi huwa gesi ajizi, ya atomu mojamoja. Likiwa na elektroni 1, 2 au 3, mara nyingi atomu huzitoa na kubaki ioni, yaani atomu yenye chaji, ambayo hapa ni chanya, na elementi nyingi za namna hii ni metali. Likiwa na 6 au 7, huelekea kupokea na kuwa ioni hasi. Zenye 4 au 5 kwa kawaida hushirikiana elektroni na jirani.

Vitabu vingi huishia kwa kusema kwamba atomu "inataka" kuwa na elektroni nane. Atomu haitaki kitu, na maelezo hayo yanaficha hesabu ya kweli. Tulishaona kwamba kuing'oa elektroni ya sodiamu kunagharimu kilojuli 496 kwa moli. Klorini inapoipokea elektroni hutoa takriban kilojuli 349 tu. Ukizitazama atomu mbili hizo zikiwa mbalimbali katika hali ya gesi, biashara hiyo ina hasara ya kilojuli 147. Faida inakuja baadaye, pale ioni chanya na ioni hasi zinapovutana na kujipanga kwa zamu katika fuwele, kila ioni ya sodiamu ikizungukwa na sita za kloridi, yaani ioni za klorini, na kila ya kloridi ikizungukwa na sita za sodiamu. Mpangilio huo hutoa takriban kilojuli 787 kwa moli, na hapo ndipo chumvi inapopata uthabiti wake. Kwa nini basi sodiamu isitoe elektroni mbili ili ivutane na klorini kwa nguvu zaidi? Kwa sababu ya ile 4,562: gharama ya elektroni ya pili inazidi chochote ambacho fuwele ingeweza kulipa. Hiyo ndiyo maana halisi ya kanuni ya nane.

Sasa linganisha atomu ndani ya kundi moja. Lithiamu, sodiamu na potasiamu zote zina elektroni 1 ya nje, lakini nishati ya kuiondoa inashuka kutoka 520 hadi 496 hadi 419. Chaji ya kiini imepanda, na bado elektroni inaondoka kwa urahisi zaidi, kwa sababu iko mbali zaidi na matabaka ya ndani yanaikinga na mvuto wa kiini. Matokeo yake yanaonekana kwa macho katika maabara: lithiamu ikitiwa majini hutoa mapovu kwa utulivu, sodiamu huyeyuka ikawa tone linalokimbia juu ya maji, na potasiamu huwasha hidrojeni inayotoka na kuwaka mwali wa zambarau. Jaribio hili ni la maabara yenye mwalimu na kioo cha kinga, kamwe si la nyumbani.

Ukienda kwa mlalo, kutoka sodiamu hadi klorini, tabaka la nje ni lilelile la tatu huku protoni zikiongezeka moja baada ya nyingine. Kinga ya matabaka ya ndani haibadiliki, mvuto unazidi, na atomu inasinyaa. Watu wengi hudhani atomu yenye chembe nyingi lazima iwe kubwa. Sodiamu yenye elektroni 11 ni pana kuliko klorini yenye 17.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni kutoichanganya atomu na ioni yake. Klorini ni gesi ya sumu yenye rangi ya kijani hafifu, kloridi ni sehemu ya chumvi tunayoila. Florini, namba 9, mpangilio 2, 7, ni gesi kali inayoshambulia karibu kila kitu, ilhali floridi ni ioni tulivu iliyoyeyuka katika maji ya visima vingi vya kuzunguka Mlima Meru na maeneo mengine ya Bonde la Ufa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na pale inapozidi sana watoto huota meno yenye madoa ya kahawia, kwa kuwa floridi huingia katika fuwele za meno yanapojengwa. Anayeelewa ioni ataelewa pia kwa nini kuchemsha maji hayo hakusaidii: ioni haipai pamoja na mvuke, inabaki sufuriani ikiwa katika maji machache zaidi.

Hatua ya tano: andika fomula

Kwa kampaundi za ioni, yaani vitu vilivyoundwa na ioni za elementi zaidi ya moja, sawazisha chaji. Magnesiamu hutoa elektroni 2 na klorini hupokea 1, hivyo zinahitajika klorini mbili: MgCl₂. Alumini hutoa 3 na oksijeni hupokea 2. Namba ndogo inayogawanyika kwa zote mbili ni 6, kwa hiyo alumini mbili na oksijeni tatu: Al₂O₃. Kalsiamu na floridi ni CaF₂.

Kwa kampaundi za kushirikiana elektroni, hesabu pengo, yaani elektroni zinazokosekana ili tabaka la nje lijae. Kaboni (2, 4) ina pengo la 4, nitrojeni (2, 5) la 3, oksijeni (2, 6) la 2, na hidrojeni la 1. Kaboni moja hujazwa na hidrojeni nne, ndiyo CH₄, sehemu kubwa ya gesi asilia ya Songosongo na Mtwara. Oksijeni moja hujazwa na hidrojeni mbili, ndiyo maji. Nitrojeni mbili hushirikiana jozi tatu za elektroni, na muungano huo ni imara kiasi kwamba mahindi yamezungukwa na hewa ambayo zaidi ya robo tatu yake ni nitrojeni na bado yanahitaji mbolea.

Kanuni hizi zina mipaka. Chuma kinaweza kutoa elektroni 2 au 3, na salfa inaweza kushikamana na atomu sita za florini. Ukiwa ndani ya elementi 20 za mwanzo na kampaundi za kawaida, utapatia mara nyingi. Nje ya hapo, thibitisha fomula kwa kitabu kabla ya kuiandika.

Hatua ya sita: hakiki kwa mwali

Mpishi yeyote wa jiko la gesi ameshaliona jaribio hili bila kulipa jina: maharage yakifurika na maji yenye chumvi yakamwagikia moto, mwali wa buluu hugeuka manjano. Ili kulifanya kwa utaratibu, yeyusha chumvi kidogo katika maji, chovya ncha ya kijiko cha chuma cha pua chenye mpini mrefu, kisha kipeleke kwenye ukingo wa mwali. Simama mbali kidogo, funga nywele na nguo zinazoning'inia, na usielekeze uso juu ya moto. Osha kijiko vizuri kwa maji safi na urudie kwa magadi yaliyoyeyushwa, yale yanayochukuliwa Ziwa Natron na Ziwa Magadi.

Rangi ni ileile. Chumvi ni kloridi ya sodiamu na magadi kwa sehemu kubwa ni kabonati ya sodiamu, vitu viwili visivyofanana kwa ladha wala kwa kazi, lakini mwali unaisikiliza sodiamu. Joto la moto huzivunja kampaundi na kutoa atomu za sodiamu, na elektroni ya nje ya atomu hizo husukumwa hadi kiwango cha juu cha nishati. Haiwezi kukaa kati ya viwango. Inaporudi chini hutoa tofauti ya nishati kama mwanga, na kwa kuwa tofauti hiyo haibadiliki, mwanga huwa na urefu wa wimbi uleule siku zote, takriban nanomita 589. Ni rangi ileile ya taa za barabarani za sodiamu.

Ukitumia chumvi ya potasiamu utarajie zambarau hafifu, ambayo mara nyingi humezwa na manjano ya sodiamu iliyochanganyika humo. Mafundi wa maabara huutazama mwali kupitia kioo cha buluu cha kobalti ili kulizuia manjano hilo. Kila elementi ina seti yake ya mistari ya mwanga, na kwa njia hiyo heliamu ilionekana katika mwanga wa Jua mwaka 1868, miaka mingi kabla ya kupatikana hapa duniani mwaka 1895.

Hatua ya saba: chunguza kama kiini kinatulia

Mpaka hapa kiini kimekaa kimya. Sasa rudi kwenye potasiamu, namba 19. Karibu potasiamu yote ni isotopu za 39 na 41, zilizo thabiti, lakini takriban atomu 12 katika kila 100,000 ni za potasiamu-40, yenye protoni 19 na neutroni 21, nayo haitulii. Imo katika udongo, katika ndizi na katika misuli ya msomaji huyu.

Kiini hicho kina njia mbili kuu za kubadilika. Katika takriban asilimia 89 ya matukio neutroni moja hugeuka protoni na kutupa nje elektroni. Protoni zinakuwa 20, na atomu sasa ni kalsiamu-40. Katika takriban asilimia 11 inayobaki, kiini huinasa mojawapo ya elektroni za ndani kabisa, protoni moja hugeuka neutroni, protoni zinabaki 18, na atomu imekuwa argoni-40. Moto, tindikali au shinikizo la kawaida haviuharakishi wala haviucheleweshi mchakato huu, kwa kuwa hayo yote hugusa elektroni za nje tu. Kasi yake hupimwa kwa nusu-uhai, yaani muda ambao nusu ya viini vilivyokuwapo vitakuwa vimebadilika, na kwa potasiamu-40 ni takriban miaka bilioni 1.25.

Fumbo la hatua ya kwanza linafumbuliwa hapa. Zaidi ya asilimia 99 ya argoni iliyo hewani ni argoni-40, iliyotokana na potasiamu ya miamba ya dunia hii katika umri wake wote. Imeongezeka kwa wingi hadi wastani wa uzito wa argoni umeipita potasiamu yenyewe.

Sasa unganisha kiini na elektroni za nje. Potasiamu hutoa elektroni moja na kukaa ndani ya fuwele ya mwamba ikiwa ioni iliyoshikwa na majirani. Argoni, yenye 2, 8, 8, haishikwi na yeyote. Mwamba ukiwa umeyeyuka ndani ya volkeno, argoni hutoroka. Majivu na lava vikishapoa, fuwele hufunga, na kila atomu ya argoni inayozaliwa baada ya hapo hubaki imenaswa mahali ilipozaliwa. Pima potasiamu, pima argoni iliyonaswa, na utajua fuwele ilifunga lini.

Njia hii ilitumika Olduvai, kaskazini mwa Tanzania. Julai 1959 Mary Leakey alipata huko fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopewa jina la Zinjanthropus, na umri wake ulikuwa ukikadiriwa kwa kubahatisha. Mwaka 1961 Louis Leakey pamoja na Jack Evernden na Garniss Curtis walitangaza vipimo vya majivu ya volkeno ya tabaka la ardhi lilipotoka fuvu hilo: takriban miaka milioni 1.75, umri uliozidi kwa mbali makadirio ya wengi. Vipimo vya baadaye, vyenye usahihi mkubwa zaidi, vimeusogeza kidogo tu, hadi kukaribia milioni 1.8.

Hesabu yenyewe unaweza kuifanya kwenye karatasi yako. Gawanya miaka milioni 1.75 kwa nusu-uhai wa miaka milioni 1,250, unapata 0.0014. Zidisha kwa 0.693, ambayo ni namba ya kudumu ya nusu-uhai, unapata takriban 0.00097, yaani katika kila atomu 10,000 za potasiamu-40 zilizofungwa ndani ya majivu yale, kama 10 hivi zimeshabadilika. Chukua asilimia 11 ya hizo 10, na imebaki atomu moja ya argoni. Moja katika elfu kumi ndiyo iliyolazimu kuhesabiwa, na hewa inayotuzunguka, yenye argoni karibu asilimia 1, ilikuwa tayari kuiharibu hesabu hiyo kwa kupenya kwenye kifaa. Kwa hiyo wapimaji hupima pia argoni-36, ambayo haitokani na potasiamu, na kwa wingi wake hujua ni argoni-40 kiasi gani imeingia kutoka hewani, wakaitoa kabla ya kutaja umri.